Baiskeli ya kazi na ya kanisani: makato ya kodi kwa waliojiajiri Uingereza

Nilijifunza baiskeli Isevya, Tabora, kwa kupitisha mguu chini ya bomba la baiskeli ya baba, kwa sababu kiti sikukifikia. Leo, nikiwa nimejiajiri Uingereza, ninalipwa kuwafundisha watoto wa wenyeji jambo hilohilo, na kazi yenyewe haijawahi kunitesa kama fomu ya kodi.

Taratibu ni fupi. Mwaka wa kodi huisha tarehe 5 Aprili, usajili mwisho ni tarehe 5 Oktoba inayofuata, na ritani ya mtandaoni, yaani fomu ya kutangaza mapato yako, pamoja na malipo mwisho ni 31 Januari. Ukichelewesha ritani hata siku moja, faini ni pauni 100.

Nyumbani Tanzania tumezoea kwenda TRA, mamlaka ya mapato, tukakadiriwa. Huku unajikadiria mwenyewe, ritani inapokelewa bila swali lolote, nawe unadhani mambo yamekwisha. Kupokelewa si kukubaliwa. Mimi nilidai bei yote ya baiskeli, pauni 900, nikijivunia risiti yangu, kwa kuwa tumelelewa kudai risiti. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua yenye adabu nyingi, ikiuliza kama baiskeli hiyo ina matumizi mengine. Ilinibidi nikiri kwamba Jumapili hunipeleka kanisani, na Jumamosi hubeba viazi katika kikapu kilekile ninamowekea koni za mafunzo. Risiti huthibitisha kwamba ulinunua. Haithibitishi kwamba ulitumia kwa kazi. Kwa kuwa sikuwa na daftari la safari, nilikubaliwa asilimia 60 tu, nikalipa kodi ya asilimia 20 kwa pauni 360 zilizobaki, yaani pauni 72, mbali na riba na faini.

Kwa hiyo andika kila safari siku ileile, na udai sehemu ya kazi peke yake. Kofia ngumu na kizibao cha kung'aa vinadaiwa; koti la kawaida la mvua halidaiwi, hata kama ulilinunua kwa ajili ya kazi. Tena, ukichukua msamaha wa pauni 1,000 wa mapato ya biashara, huwezi kudai matumizi juu yake.

Shemeji yangu wa Tabora alinishauri niingize humohumo baiskeli niliyomtumia kaka abebee asali kutoka Sikonge, kwani nani atajua? Shemeji, ninakuheshimu, lakini zawadi haiwi matumizi ya biashara kwa sababu tu ina magurudumu mawili. Waingereza hawafoki wala hawagongi meza. Wanakuamini kwanza, kisha wanakuuliza taratibu, na mimi binafsi naona heri kufokewa.

Siku hizi daftari langu limefungwa kwa mpira kwenye usukani, na kila Jumapili ninaandika: kanisani, maili mbili, si kazi.