Kabla mvua za Julai hazijafika: kuandaa bustani ya nyumbani Tucson

Aliyelima Morogoro au Uvira akihamia Tucson, Arizona, huja na mkono uliozoea kuinua matuta ili maji ya masika yasiozeshe mizizi. Katika jangwa la Sonora tuta hilo hukausha mboga. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 280 tu, na karibu nusu yake hunyesha kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba, tena kwa mikupuo: nusu saa ya radi na upepo, kisha jua kali linarudi. Kabla ya jambo lingine lolote, jiulize maji ya mkupuo wa kwanza yatatuama wapi.

Basi chimba mapema, mawingu hayajaanza kujikusanya alasiri juu ya milima ya Santa Catalina. Shusha kitalu sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa uwanja na ukizungushie kingo. Lowesha ardhi siku moja kabla, maana ikiwa kavu sururu inadunda. Ukifikia tabaka jeupe, gumu kama zege, hiyo ni kaliche, chokaa iliyogandamana. Jaza shimo maji. Yakiwa bado yamo kesho yake, toboa zaidi au hamia pengine. Waliolima Dodoma watakumbuka mashimo ya Chololo, vishimo vya kupandia vinavyonasa maji ya mvua na kutiwa samadi na majivu, na wazo ni hilohilo, ila majivu msitie: udongo wa huku tayari una alikali nyingi. Tia mboji au samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza nyasi kavu juu.

Halafu tazama paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 25 jioni moja, ni lita 2,500, na inauma kuziona zikiishia barabarani. Safisha mifereji ya paa, elekeza maji kitaluni, na acha njia ya kutolea yanayozidi, mbali na msingi wa nyumba. Pipa lifunike kwa wavu mnene. Mbu aina ya Aedes aegypti wapo Tucson, na katika joto hili kiluwiluwi huwa mbu kamili kwa wiki moja hivi. Mwaga pia visahani vya chini ya vyungu.

Kuhusu mbegu, usihangaike na nyanya sasa. Joto hili huangusha maua yake. Iliyopo iwekee neti ya kivuli hadi Septemba. Kunde, bamia, mchicha na maboga ndiyo mazao ya msimu huu. Mimi ningeongeza maharage ya tepari, ambayo Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, wamelima vizazi na vizazi pale makorongo yanapotandaza maji ya mafuriko. Mbegu zake huuzwa na Native Seeds/SEARCH, shirika lililoanzishwa mjini humo mwaka 1983. Subiri mvua iloweshe ardhi sawasawa ndipo upande, na usiyamwagilie kupita kiasi: yatajaa majani, maganda yawe machache.

Taima inayofungulia maji mipira ya umwagiliaji wa matone usiizime kwa kusikia ngurumo. Mvua yaweza kunyesha mtaa wa pili na kwako pasidondoke tone. Chomeka bisibisi ndefu udongoni. Ikizama kwa urahisi, ahirisha kumwagilia. Upepo nao hung'oa miti ya mesquite iliyozoea maji ya juujuu, kwa hiyo punguza matawi mazito mapema.

Mwenye mbwa amfungie ndani usiku wa mvua. Chura mkubwa wa Sonora hutoka wakati huo, na sumu ya ngozi yake yaweza kumuua.

Mkupuo wa kwanza ukishuka, simama barazani, si chini ya mti, utazame maji yanakokimbilia. Asubuhi, udongo ungali laini, chukua koleo uzibe pale kingo zilipovunjika.