Upinde wa mvua kwenye maporomoko: pima shubiri mbili

Nimejaribu hili juzi kwenye maporomoko na sitaki libaki kwangu peke yangu. Ukitaka kuona upinde wa mvua kwenye manyunyu, usihangaike kuutafuta huku na huku. Lipe jua mgongo, tafuta kivuli cha kichwa chako, kisha nyoosha mkono na upime shubiri mbili kutoka kwenye kivuli hicho, juu au pembeni. Manyunyu yakiwa hapo, upinde utakuwa hapo. Matone ya maji hurudisha mwanga kwa pembe ya takriban nyuzi 42, na shubiri moja ya mkono ulionyooka ni kama nyuzi 20. Kivuli kikiangukia ndani ya korongo usikione, kadiria tu upande ulio kinyume kabisa na jua.

Adhuhuri ndipo watu wengi hukosa: jua likiwa juu sana, upinde hushuka chini ya usawa wa macho, kwa hiyo ukisimama chini ya maporomoko huambulii kitu. Panda ukingoni uangalie bondeni, au rudi asubuhi au alasiri. Wingu likifunika jua, au kuta za korongo zikitia kivuli kwenye maji, hakuna ujanja. Manyunyu yakiwa haba, subiri upepo uyasukume upande wako. Na vua miwani ya jua! Ile ya kuzuia mng'ao huweza kuufuta upinde ulio mbele yako kabisa.