Tofu nzuri kwenye mikahawa ya Kichina Unguja mjini

Mimi kabla ya kuagiza huuliza: tofu hii imeingia lini? Ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, na kwa joto letu la Kaskazi huchacha upesi. Ikinuka ukakasi, irudishe jikoni. Nzuri haina harufu kali, na ukiigusa kwa kijiko hutikisika bila kumeguka.

Mapo tofu ya Sichuan, jimbo la China, naipenda sana kwa pilipili zake, ila hutiwa nyama ya kusaga, pengine ya nguruwe. Uliza nyama gani, uliza na kama mchuzi una mvinyo. Usione haya, ni tumbo lako na dini yako.

Ukibahatika kuona tempe ya Kiindonesia, soya nzima zilizovundikwa zikashikana kama kashata, iagize ya kukaanga, ya moto.