Picha imeonyesha uvimbe kwenye ubongo: daktari kwanza, dalali asikuwahi

Ripoti ya CT scan ikitoka pale Mitengo, hospitali ya rufaa ya kanda huko Mtwara, na kutaja uvimbe kwenye ubongo, simu ya kwanza itakuja kwako uliye nje. Mjomba ataongea, na kwetu Kusini mjomba akishaongea kikao kimefungwa: "Mpwa wangu, wewe uko hospitalini huko, tutafutie daktari wa Kizungu." Mimi huku Uingereza kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee. Ukimweleza mjomba hivyo, anaona unakwepa mchango.

Swali ni mgonjwa aonwe na daktari gani kwanza, na jibu lake ni fupi. Wa kwanza ni bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mtu wa Mtwara au Lindi hiyo kwa kawaida ni rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar. Rufaa mnazijua. Msikimbilie Ocean Road kwanza, maana kule ni mionzi na dawa za saratani, na picha peke yake mara nyingi haitoshi kusema kama hiyo ni saratani. Uvimbe unaweza kuwa wa utando wa ubongo, ule ambao mtu huweza kuishi nao miaka akifuatiliwa kwa picha tu. Unaweza kuwa saratani iliyotoka kwenye ziwa au mapafu, na unaweza hata kuwa usaha au kifua kikuu kilichopanda kichwani. Mara nyingi jina lake hujulikana kinyama kikishakatwa na kupimwa. Kuna hata aina ya uvimbe wa tezi ya chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya prolaktini, ambao kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge bila kisu. Wa kusema akatwe au asikatwe ni bingwa aliyemwona mgonjwa kwa macho yake.

Shimo lenyewe ni dalali wa matibabu ya nje.

Yeye hajiiti dalali. Anajiita mratibu, na huduma yake ni ya bure. Namba yake inapatikana kirahisi, kuna ndugu atakutumia. Anaomba picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani, na jioni inakuja barua yenye nembo ya hospitali ya ng'ambo: operesheni ya haraka, bei kwa dola. Kwetu ilikuja barua hiyo kwa ajili ya mama mdogo wa Tandahimba. Haikuuliza kama anatapika asubuhi, kama amewahi kuanguka, wala anatumia dawa gani. Iliuliza namba ya pasipoti.

Bure hiyo mara nyingi hulipwa na hospitali, kwa kila kichwa anachopeleka. Kwa hiyo swali lako la daktari gani limeshajibiwa kabla hujauliza: ni yule anayemlipa dalali. Halafu inaombwa pesa ya kufungua faili, iingie kwenye akaunti ya mtu binafsi. Tukaituma. Risiti haikuja, viza ikawa ya kesho kila siku, na simu ikaacha kupokelewa. Pesa inauma, lakini sicho kilichotuumiza zaidi. Ndugu nyumbani walikuwa wameiweka barua ya rufaa kabatini kwa sababu "tunasubiri India", na mkono wa kulia wa mama mdogo ukazidi kulegea.

Narudia: barua ya dalali si kauli ya daktari. Bei aliyoandika huenda haina siku za ziada za chumba cha wagonjwa mahututi, kipimo cha kinyama, mionzi ya baadaye wala malazi ya msindikizaji. Na narudia tena, usitume hata senti kabla mgonjwa hajaonwa na bingwa wa ubongo hapo hapo Tanzania.

Ndugu zangu wa nyumbani nawapenda, ila mna haraka ya kuuza. Shamba la mikorosho lilikuwa limeshapata mnunuzi kabla mgonjwa hajakanyaga kliniki ya ubongo. Korosho za mwaka huu zina mnada wake, shamba likienda limekwenda. Na wanaosema akianguka ni mashetani, sigombani nao. Kombe la dua anywe, ila vidonge vya degedege asiache.

Wazo la kumleta Uingereza lipimeni kwa bei. Mgeni asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, huduma ya afya ya serikali huku, na kwa matibabu yasiyo ya dharura analipa kabla. Isitoshe, kwa uvimbe wa ubongo Mwingereza mwenyewe huku kwa kawaida hazunguki kutafuta daktari. Picha yake inakwenda kwenye jopo, anakaa mpasuaji, wa mionzi, wa saratani na wa maabara, kisha anaitwa kuambiwa walichoona. Barua ya miadi inakuja kwa posta, anaibandika kwenye friji, anachemsha chai. Zamani niliona ni unyonge. Siku hizi naona foleni yao, pamoja na ubaridi wake wote, haina mjomba wala dalali.

Ukitaka maoni ya pili, yatafute baada ya MOI. Tuma picha nzima kwenye CD au flashi, pamoja na ripoti na barua ya daktari yenye dalili na dawa. Muulize daktari asiye na kitanda cha kuuza.

Mgonjwa akianza kusinzia ovyo, kutapika mfululizo, au degedege likakataa kukatika, hapo hakuna kuchagua hospitali: Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao, popote palipo karibu, usiku huo huo. Akipewa deksamethasoni atachangamka na watu watasema amepona. Hajapona, uvimbe wa maji kuzunguka ule uvimbe ndio umepungua. Dawa hiyo haikatishwi ghafla bila daktari, na hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema.

Safari ya Dar mnaijua. Vidonge vya degedege vikae kwenye mkoba wa msindikizaji, visiende kwenye buti la basi, na wakati wa masika ulizieni kwanza Somanga kama panapitika. Mei 2024 barabara ilikatika, na mgonjwa wa namna hii si wa kulala njiani.