Kabla hujaanza Kijapani cha kati chuoni, weka haya sawa kwanza

Wengi wanaosoma Kijapani chuoni hawakwami mwanzoni, wanakwama kwenye kozi ya kati, mwaka wa pili hivi, tena wakiwa na A za mwaka wa kwanza mkononi. Mi nimepita hapo na nimeona wenzangu wanaojituma kabisa wakila sapu, ndo maana naandika. Kama semista inafunguliwa wiki chache zijazo na umeshajisajili, soma hii ukiwa na daftari pembeni.

Anza na mkono wako. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunachapa kila kitu kwenye simu, unaandika kwa herufi za kirumi, kibodi inakuletea kanji, zile herufi zenye asili ya China, unachagua, unajiona umeshaijua. Wiki ya kwanza ya kozi ya kati sensei akaingia na imla, sentensi kumi, peni na karatasi, na mimi nikajaza ukurasa mzima hiragana tupu, yaani zile herufi za sauti za mwanzo, hata 書く, yaani kuandika kwenyewe, neno nililokuwa nalisoma kila siku, mkono haukujua uanzie mstari upi. Iliniuma sana. Kwahiyo nunua daftari la hesabu, lile la viboksi, kanji moja boksi moja, fuata mpangilio wa mistari, halafu funika uandike tena bila kuchungulia mpaka zote za mwaka wa kwanza zikae. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida Japani ina 2,136, na kwenye kozi ya kati zinaongezeka kila wiki, huko hakuna muda wa kurudia za nyuma.

Na usikariri kanji peke yake, ikariri ndani ya neno. Angalia Jumapili, 日曜日, nichiyoubi, ile 日 imetokea mara mbili kwenye neno lilelile moja, mwanzo inasomwa nichi, mwisho inasomwa bi. Ukikremu orodha ya matamshi bila maneno utachoka bure.

Kama una cheti cha N4, moja ya ngazi za JLPT, ule mtihani wa kimataifa wa Kijapani, hongera, lakini kisikufanye ulale. JLPT haina sehemu ya kuongea wala ya kuandika kwa mkono, unachagua majibu tu, wakati chuoni utasimama mbele ya darasa uongee. Ukitaka N3, ngazi inayofuata, jua hesabu yake mapema: unatakiwa upate 95 kati ya 180, na kwenye kila sehemu kati ya zile tatu, msamiati na sarufi, kusoma, na kusikiliza, usishuke chini ya 19 kati ya 60, maana yake kusikiliza kukikushinda, kusoma hakukuokoi. Mtihani unafanyika Jumapili ya kwanza ya Desemba, nchi nyingine wanao na wa Julai, na usajili unafungwa mapema, sasa ole wako usubiri Novemba ndo uulizie.

Sasa hili ndo nalijali kuliko yote. Vitabu vyetu vingi vinaeleza sarufi ya Kijapani kwa Kiingereza, kwahiyo tunatafsiri mara mbili na tunapotea njiani. Kuna kitu kinaitwa ukemi, kutendwa, na ndani yake kuna sentensi kama ame ni furareta. Mi nilikaa na hiyo sentensi siku mbili, maelezo yanazunguka tu, eti mvua ilinyesha na mtu akaathirika, sielewi kwanini kitenzi cha kunyesha kitendwe. Jioni moja narudi hosteli nimelowa chapachapa, mwenzangu wa chumbani akauliza vipi, nikamjibu nimenyeshewa. Nikasimama palepale mlangoni maji yananichuruzika. Nimenyeshewa! Si ndo hiyohiyo? Furu ni kunyesha, furareru ni kunyeshewa, mvua imefanya yake na aliyepata tabu ni mimi. Nikafungua kitabu upya, shinareru, kufiwa. Nusumareru, kuibiwa, na hata mpangilio unakubali, saifu o nusumareta, nimeibiwa pochi, wala sihitaji kusema pochi yangu iliibwa. Kiswahili chetu kilikuwa nayo siku zote na hakuna aliyetuambia.

Ziko nyingine. Akeru ni kufungua, aku ni kufunguka. Kesu kuzima, kieru kuzimika. Waru kuvunja, wareru kuvunjika. Hizi jozi ndo zinamaliza watu kwenye kwizi, na sisi tunazo mdomoni tangu utotoni. Kabla ya semista kaa chini uandike jozi thelathini, Kijapani upande huu, Kiswahili upande ule, Kiingereza kipumzike kidogo.

Ila kuna pahali Kiswahili hakikubebi. Sisi tunasema kitabu nilichonunua jana, wao wanasema kinou katta hon, kitabu kinakuja mwisho baada ya maelezo yake yote, na kwenye matini za kati hayo maelezo yanaweza kujaa mstari mzima au miwili. Zoea kutafuta jina lililo mwishoni kwanza halafu urudi nyuma. Keigo nayo, ile lugha ya heshima, roho yake tunaijua, aliyekulia kwenye shikamoo haoni ajabu kumheshimu mkubwa kwa maneno, lakini wao wanabadilisha kitenzi chenyewe, mkubwa akila ni meshiagaru, wewe ukila kwa unyenyekevu ni itadaku, na hayo ni ya kukariri tu, hayana njia ya mkato.

Irabu ndefu usizidharau, obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, tofauti yake kama kondo na kondoo.

La mwisho, tafuta mtu wa kuongea naye kabla darasa halijaanza. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, kwahiyo kuna vijana wa Kijapani wanaohangaika na ngeli zetu kama wewe unavyohangaika na kanji zao. Wametutangulia saa sita, saa tatu usiku kwao huku ni saa tisa mchana, muda mzuri tu baada ya lekcha. Ukimpata mpe nusu saa ya Kiswahili naye akupe nusu saa ya Kijapani, na siku ya kwanza mwambie ame ni furareta, halafu umfundishe kunyeshewa.