Kabla hujaenda chuo kikuu kusoma historia

Wewe wa Malindi au Lamu uliyepata nafasi ya kusoma historia, maliza haya kabla hujafunga begi.

Cheti cha KCSE, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa: toa kopi tatu tatu. Ombi la mkopo wa masomo wa HELB litume mapema. Nunua penseli; vyumba vingi vya kusomea nyaraka za zamani havitaki kalamu ya wino.

Utaambiwa historia ina enzi tatu: za kale, za kati na za sasa. Mgawo huo ulikatwa kwa kipimo cha Ulaya, ambako enzi za kale hufungwa mwaka 476, dola ya Rumi ya magharibi ilipoanguka. Pwani yetu 476 hakikuanguka kitu. Mji wa Shanga, kule kisiwa cha Pate, ulianza karne ya 8 ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15, kwa hiyo ukiandika "enzi za kati" weka na karne kando yake.

Kama umesoma chuo cha Kurani kwa mwalimu utotoni, herufi za Kiarabu unazo. Usijidanganye kwamba zinatosha. Katika miswada mingi ya zamani ya Kiswahili, herufi ya "b" huweza kusomwa ba, pa au mba, na alama moja hubeba i na e. Soma sentensi nzima kwanza, ndipo uamue neno.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo insha nzuri zinapozama. Kuna kaburi pale Gede, kwenye magofu karibu na Malindi, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria. Mwanafunzi huchukua 802, akaongeza 622, mwaka ambao hesabu ya Hijria inaanzia, akapata 1424. Hapo anakumbuka kwamba Malindi ilipeleka twiga China mwaka 1415, basi anajenga hoja nzima: kaburi limekuja baada ya twiga, kwa hiyo utajiri wa Gede uliletwa na Wachina. Kurasa kumi, zote zimesimama juu ya hesabu mbovu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11, hivyo kila miaka 33 hivi unatofautiana mwaka mzima. Zidisha 802 kwa 0.97, upate karibu 778, ndipo uongeze 622: ni 1400 kasoro. Kisha hakikisha kwenye jedwali la kulinganisha kalenda hizo mbili, kwani mwaka 802 ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400. Mwezi usipoandikwa, wewe andika 1399/1400, usichague mmoja kwa kubahatisha. Kaburi limemtangulia twiga kwa miaka 15 au zaidi.

Na kwa hesabu ya Hijria siku huanza magharibi, jua linapotua. Barua ikisema "usiku wa Ijumaa", ni Alhamisi baada ya jua kutua. Nyumbani kila mtu analijua hili, lakini mbele ya karatasi ya mtihani watu hulisahau.

Kabla ya kuondoka nenda Gede ukaone mwenyewe, na magofu ya Takwa kisiwani Manda pia. Takwa uliza maji kwanza, kwa sababu mashua hupita mkondo wa mikoko yakijaa tu, na yakikupwea huko utangoja. Maandishi ya mawe yapige picha asubuhi au alasiri, mwanga ukija kwa ubavu. Jua la utosini hufuta herufi. Vigae vya vyungu viache hapo hapo vilipo: kikishatiwa mfukoni, hakuna tena wa kusema kilitoka tabaka gani la udongo.