Vishazi na Virai vya Wakati katika Kiingereza: Lini Uondoe "will"

Hatua ya 1: Tafuta kitenzi. Linganisha "I slept during the lesson" na "I slept while the teacher was talking". Fungu "during the lesson" halina kitenzi, kwa hiyo ni kirai. Katika sentensi ya pili, baada ya "while" kuna kiima "the teacher" na kitenzi "was talking". Hicho ni kishazi. Ndiyo maana "during the teacher was talking" haikubaliki. "Before", "after", "until" na "since" hufuatwa na kirai au kishazi, hayo hayana shida.

Hatua ya 2: Ondoa "will" kwenye kishazi cha wakati. Hapa tuliza akili, maana ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Sisi husema "Nitakapofika nitakupigia", na wakati ujao unasikika pande zote mbili. Mwanafunzi akiufuata mtindo huo huandika "When I will arrive, I will call you". Kiingereza huuweka wakati ujao kwenye kishazi kikuu tu, yaani kile kinachoweza kusimama peke yake: "When I arrive, I will call you". Fanya hivyohivyo kwa "as soon as", "before", "after" na "until". Ukitaka kusisitiza kwamba jambo litakuwa limekwisha, sema "When I have finished, I will call you".

Hatua ya 3: Pima kwa "lini". Si kila "when" hufukuza "will". Sentensi "I don't know when she will come" ni sahihi kabisa, kwa kuwa maana yake ni "Sijui atakuja lini". Kwa hiyo jiulize: kwa Kiswahili ningetumia "lini" au -po- (ile iliyo ndani ya "Nitakapofika")? Ikiwa ni "lini", "will" inabaki. Ikiwa ni -po-, iondoe: "I will leave when she comes", yaani nitaondoka atakapokuja. Kipimo hiki nakiamini kuliko orodha ndefu za kanuni.

Hatua ya 4: Weka mkato. Kishazi kikitangulia, weka mkato baada yake. Kikija mwishoni, kwa kawaida hauhitajiki.

Hatua ya 5: Chagua kihusishi cha kirai. "For" hutaja urefu wa muda, "for three years". "Since" hutaja ulipoanzia, "since 2021". Angalia pia "until" na "by". "Wait until Friday" ni kuendelea kungoja mpaka Ijumaa. "Finish by Friday" ni kumaliza kabla Ijumaa haijapita, hata ukimaliza Jumanne.